Ishara za Mkono Mbele ya Mashine: Historia ya Vidhibiti vya Mwendo na Nafasi ya Unguja

1.0 Utangulizi

Takriban kilomita tano kaskazini ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ufukweni Mtoni, yamebaki magofu ya Beit el Mtoni, kasri linalohesabiwa kuwa kongwe zaidi miongoni mwa makasri ya Sayyid Said bin Sultan kisiwani Unguja. Hapo ndipo alipozaliwa Sayyida Salme mwaka 1844, ambaye baadaye aliitwa Emily Ruete na kuchapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Katika kumbukumbu hizo anaeleza kwamba katika majumba ya baba yake, mbele ya mwenye nyumba iliruhusiwa lugha moja tu, nayo ni Kiarabu. Mwenye nyumba alipogeuza mgongo, zilisikika pia Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kiswahili, Kinubi na Kihabeshi. Wakaazi wa nyumba hiyo hawakuwa na upungufu wa lugha. Aliyewasikiliza ndiye aliyekubali moja.

Hali kama hiyo imejitokeza katika uhusiano wa binadamu na kompyuta zinazosoma mwendo wa mkono. Mtu anapokaa mbele ya mashine ya aina hiyo huziweka kando ishara alizozikuta kwao na kutumia zile tu ambazo mtengenezaji amezikubali. Makala haya yanafuatilia historia ya utambuzi wa ishara za mkono kwa kutumia glavu, vidhibiti vyenye kuhisi mwendo na kamera, kisha yanaitazama historia hiyo kutoka pwani ya Waswahili, hususan Unguja. Hoja inayojengwa ni kwamba kihisi si kikwazo kikubwa tena. Vihisi vimekuwa bora na bei yake imeshuka mwaka hadi mwaka. Kikwazo kilichobaki ni cha kamusi: nani aliyezichagua ishara, mikono ya nani iliyotoa mifano, na nani aliyeachwa nje. Kwa mtu anayesikia, jambo hili ni usumbufu mdogo, lakini kwa kiziwi ambaye mkono ndio lugha yake, ni suala la haki.

2.0 Ishara za Waswahili kabla ya mashine

Ishara za Waswahili ziliingia katika maandishi ya kitaaluma kabla ya vidhibiti vya mwendo kuenea. Mwaka 1985, Carol Eastman na Yahya Ali Omar, mwanazuoni wa Mombasa aliyeishi na kufanya kazi London, walichapisha makala kuhusu ishara za Waswahili katika jarida la chuo cha SOAS. Waliziainisha ishara hizo kwa istilahi za sarufi ya Kiswahili yenyewe, yaani vielezi na viingizi. Uainishaji huo una maana kubwa. Unaonyesha kwamba ishara ya Mswahili haiko nje ya lugha kama pambo, bali ina nafasi yake katika sentensi: nyingine huandamana na neno na kulikamilisha, nyingine husimama peke yake mahali pa usemi mzima.

Mfano mmoja wa kila siku unatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Mtu wa pwani anapomwita mwenziwe kwa mkono, kiganja huelekea chini na vidole hukunjwa kumwelekea mwitaji. Mgeni aliyetoka nchi ambamo watu huitana kwa kiganja kilichoelekea juu anaweza kuidhania ishara hiyo kuwa ni ya kuaga, au hata ya kufukuza. Mwendo ni uleule, lakini maana hubadilika kulingana na jamii inayoutazama.

Upande wa viziwi, kazi kubwa ya kuhifadhi alama ilifanywa Tanzania Bara. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilianzishwa Tabora mwaka 1963, na kadiri shule nyingine zilivyofunguliwa, kila jumuiya ya wanafunzi ilikuza alama zake. Mwaka 2004, Henry Muzale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitoa Kamusi ya Lugha ya Alama ya Tanzania, lugha ijulikanayo kwa kifupi kama LAT. Kwa hiyo, mtafiti wa Afrika Mashariki alikuwa na kumbukumbu za ishara na za alama mikononi mwake kabla ya kuwa na kifaa cha bei nafuu cha kuzipima. Kumbukumbu hizo, hata hivyo, zilikuwa za karatasi. Karatasi huonyesha umbo la mkono na kueleza mwendo kwa maneno, lakini haiwezi kuonyesha muda, kasi wala tofauti kati ya mkono wa mtu mmoja na wa mwingine. Hizo ndizo taarifa ambazo programu huzihitaji.

3.0 Kutoka glavu hadi rimoti

Majaribio ya kuipa kompyuta uwezo wa kusoma mkono yalianza kwa glavu. Mwaka 1977 glavu ya Sayre ilitengenezwa katika Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago. Mwaka 1980 Richard Bolt wa MIT alionyesha mfumo uliomwezesha mtu kunyoosha mkono kwenye ukuta wenye picha na kuamuru kwa sauti kitu kihamishwe. Mwaka 1983 Gary Grimes wa Bell Labs alipata hataza ya glavu iliyokusudiwa kusoma alfabeti ya mkono. Glavu ya kampuni ya VPL ilifuata mwaka 1987, na miaka miwili baadaye Mattel ikauza glavu ya michezo ya video kwa watoto.

Yafaa kuzingatia kwamba lugha za viziwi zilikuwamo katika historia hii tangu mapema. Mwaka 1995, Thad Starner na Alex Pentland wa MIT walionyesha mfumo wa kamera uliotambua sentensi za Lugha ya Alama ya Marekani kwa msamiati wa maneno 40. Walitumia modeli fiche za Markov, mbinu iliyokuwa imekomaa katika utambuzi wa sauti. Hata hivyo, idadi hiyo ya maneno ilichaguliwa na watafiti ili jaribio liwezekane. Mazungumzo ya viziwi hayana mpaka huo.

Mabadiliko makubwa ya bei yalikuja Novemba 2006, Nintendo ilipoanza kuuza mashine ya michezo ya Wii. Rimoti yake ilibeba kihisi kidogo cha mchapuko kilichopima mabadiliko ya kasi katika mihimili mitatu, na ilipeleka vipimo hivyo kwa Bluetooth. Kwa kuwa kompyuta ya kawaida iliweza kuvipokea, wanafunzi na watafiti waliitumia rimoti hiyo kama chombo cha maabara. Mwaka 2007 Brian Peek alitoa maktaba ya programu iitwayo WiimoteLib, na mwaka huohuo Johnny Chung Lee wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon akaonyesha kwa video matumizi ambayo watengenezaji hawakuyakusudia. Kifaa kilichouzwa kwa dola 40 hivi kilifanya kazi iliyokuwa ikihitaji vifaa vya maabara tajiri.

4.0 Namna programu inavyousoma mkono

Jaribio lililoathiri wengi ni lile la Thomas Schlömer na wenzake wa Oldenburg, Ujerumani, lililowasilishwa mwaka 2008. Mfumo wao ulipitisha vipimo vya rimoti katika hatua tatu. Kwanza, vichujio viliondoa vipimo visivyohitajika. Pili, vipimo vilivyobaki viligawanywa katika makundi 14, ili mfuatano wa namba nyingi uwe mfuatano mfupi wa vitambulisho. Tatu, kila ishara ilipewa modeli fiche ya Markov yenye hali nane, na ishara mpya ilihesabiwa kuwa ya modeli iliyoielekea zaidi. Ishara zilikuwa tano: mraba, duara, kuzungusha kifundo cha mkono, herufi Z na pigo la tenisi. Kwa wastani mfumo ulitambua sawasawa takriban mara tisa katika kila kumi.

Mafanikio hayo yalikuwa ya kweli, lakini orodha ya ishara ndiyo inayopaswa kuulizwa. Maumbo ya jiometri, herufi ya Kilatini na mchezo wa tenisi vilichaguliwa kwa sababu vinatofautiana vizuri mbele ya kihisi. Mapokeo ya jamii yoyote hayakuwa kigezo. Zaidi ya hayo, vichujio navyo vilibeba uamuzi kuhusu kile kinachohesabiwa kuwa ishara. Kichujio kimoja kilitupa vipimo ambavyo ukubwa wake haukutofautiana sana na ule wa mkono uliotulia, kwa kuwa mkono uliotulia ulichukuliwa kuwa haujasema kitu.

Dhana hiyo ikiletwa Unguja inakutana na pingamizi. Mtu anaposalimia na kuweka mkono wa kulia kifuani kwa heshima, mwendo wenyewe ni mdogo na wa taratibu, na maana yake imo katika kule kutulia kwa mkono juu ya kifua. Katika lugha za alama suala hili limethibitishwa kwa nadharia: Scott Liddell na Robert Johnson walionyesha mwaka 1989 kwamba alama hujengwa kwa mfuatano wa mwendo na kituo, na kwamba kituo ni sehemu ya neno. Kichujio kinachofuta kituo kinapunguza kelele katika mchezo wa tenisi, lakini katika salamu au katika LAT kinafuta nusu ya usemi.

Rimoti ilikuwa na upungufu mwingine ulio wazi. Anayeishika amefumba vidole. Ishara ya kuita iliyoelezwa hapo juu hutegemea mambo mawili, uelekeo wa kiganja na kukunjwa kwa vidole. Uelekeo wa kiganja rimoti iliweza kuusoma, kwa sababu kihisi cha mchapuko huhisi pia nguvu ya uvutano wa dunia: rimoti ikipinduliwa, kipimo cha mhimili wa wima hubadilika kutoka chanya kwenda hasi. Vidole haikuweza kuvisoma kabisa. Kwa hiyo ishara ya Mswahili iliingia katika kompyuta ikiwa imekatwa.

Mwaka 2009 jaribio jingine lilitoa funzo la ziada. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice na kampuni ya Motorola waliunda mfumo wa uWave, uliotumia njia ya kulinganisha mifuatano miwili kwa kunyumbua muda. Njia hiyo, ambayo Sakoe na Chiba waliieleza mwaka 1978 kwa ajili ya utambuzi wa sauti, huruhusu ishara iliyofanywa polepole ilinganishwe na ileile iliyofanywa haraka. Kwa ishara nane na zaidi ya sampuli 4,000 za watu wanane, mfumo ulifikia usahihi wa asilimia 98.6. Sharti lake lilikuwa kwamba kila mtumiaji alinganishwe na mfano wake mwenyewe. Watafiti hao walisisitiza kwamba kumtambua mtu kwa mifano ya wengine ni kazi ngumu zaidi, na kwamba hata mkono wa mtu mmoja hutofautiana siku kwa siku. Ikiwa tofauti hizo zilijitokeza kwa watu wanane katika maabara moja, ni vigumu kudai kwamba mifano ya mji mmoja inatosha kwa nchi, au mifano ya nchi moja kwa pwani nzima.

5.0 Kamera na mkono mtupu

Novemba 2010 Microsoft ilitoa Kinect, kamera iliyopima umbali wa kila nukta iliyo mbele yake. Mkono uliachiliwa, kwani hapakuwa na kitu cha kushika. Jamie Shotton na wenzake walieleza mwaka 2011 namna mfumo huo ulivyofunzwa kutambua sehemu 31 za mwili kwa kutumia picha nyingi za umbali, ambazo sehemu kubwa ilitengenezwa na kompyuta kutokana na kumbukumbu za miendo ya watu. Mwaka 2013 kifaa cha Leap Motion kilikaribia vidole kwa kamera mbili za miali isiyoonekana kwa macho. Kuanzia 2019 Google ilitoa programu ya MediaPipe ya kufuatilia nukta 21 za mkono kwa kamera ya kawaida ya simu.

Kwa mtazamo wa Zanzibar, hatua hii ya mwisho ndiyo iliyobadilisha mambo. Kifaa kilikuwa kimeshafika mfukoni mwa mwanafunzi, na gharama ya kihisi ikaacha kuwa kisingizio. Lakini nukta 21 si maana. Zinaeleza mahali kilipo kila kiungo cha kidole, ilhali kuita, kuaga na kufukuza bado hutenganishwa na mifano iliyokusanywa kwa watu wanaoitumia ishara hiyo. Pasipo mifano hiyo, simu itausoma mkono wa Mswahili kwa kamusi ya watu wengine.

6.0 Glavu ya Kenya na mipaka yake

Jaribio lililojulikana zaidi Afrika Mashariki ni Sign-IO, glavu iliyobuniwa na mhandisi Mkenya Roy Allela. Glavu hiyo ina vihisi vya kupima mkunjo wa kila kidole, na hupeleka vipimo kwa Bluetooth kwenye programu ya simu ya Android inayotamka maneno kwa sauti. Ilijaribiwa katika shule ya watoto wenye mahitaji maalumu kaunti ya Migori, ikatunukiwa na jumuiya ya wahandisi wa mitambo ya Marekani, na mwaka 2019 ikaingia katika orodha ya wateule wa tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Allela mwenyewe alieleza kwamba watu hutofautiana kwa kasi ya kutoa alama kama wanavyotofautiana kwa kasi ya kusema, na kwamba programu ililazimika kuizingatia tofauti hiyo. Kauli hiyo inakubaliana na matokeo ya uWave, na inaonyesha faida ya mbunifu kujaribu kifaa chake mbele ya watumiaji walio karibu naye.

Glavu kwa jumla, hata hivyo, zimepingwa kwa hoja nzito. Mwaka 2016 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Washington walipotunukiwa kwa glavu ya kutafsiri alama, wanaisimu na walimu wa lugha ya alama wa chuo hichohicho, Lance Forshay, Kristi Winter na Emily Bender, waliandika barua ya wazi. Walieleza kwamba sarufi ya lugha ya alama imo pia katika nyusi, macho, mdomo na kiwiliwili, mahali ambapo glavu haifiki. Vilevile walihoji kwa nini mzigo wa kuvaa kifaa uwekwe juu ya kiziwi, wakati anayekosa kuelewa ni yule anayesikia. Hoja hizi hazibatilishi jitihada za Migori. Zinaonyesha kwamba kifaa kinachosoma vidole peke yake kimesoma sehemu tu ya lugha.

7.0 Unguja na suala la usanifishaji

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 iliweka ukuzaji wa lugha ya alama miongoni mwa malengo ya taifa, na Katiba ya Kenya ya 2010 ikaifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Zanzibar ilipitisha sheria yake ya haki na fursa za watu wenye ulemavu mwaka 2006. Mazingira ya kisheria yamekuwa yakijengwa, na hatua inayofuata kitaaluma ni kukusanya data ya alama kwa ajili ya mashine. Hapo ndipo linapoibuka suala la alama za nani zikusanywe.

Unguja ina uzoefu wa pekee katika suala hili. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu dhidi ya Kimvita, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Uamuzi huo uliwezesha vitabu, mitihani na magazeti ya eneo zima. Lakini kilichochaguliwa kilikuwa Kiunguja cha mjini, si usemi wa kisiwa kizima. Kimakunduchi na Kitumbatu vilibaki kando, na Baraza la Kiswahili Zanzibar lilikuja kuvichapishia kamusi, pamoja na Kipemba, miongo minane hivi baadaye.

Katika lugha ya alama nafasi zimegeuka. Kamusi na shule za mwanzo zimo Bara, na vifaa vinavyojulikana vimeundwa Nairobi au ng'ambo. Safari hii ni Unguja iliyo katika hatari ya kuwa upande usiochaguliwa. Inaweza kujibiwa kwamba usanifishaji ni wa lazima, kwa sababu programu hufunzwa vyema zaidi data inapokuwa nyingi na yenye mfanano, na kwamba jamii ndogo ya viziwi haiwezi kugharimia kamusi ya kila kisiwa. Jibu hilo lina ukweli. Hata hivyo, tofauti iliyopo kati ya 1930 na sasa haipaswi kupuuzwa. Mzungumzaji wa Kitumbatu aliyekutana na kitabu cha Kiswahili sanifu aliendelea kueleweka nyumbani, sokoni na chomboni. Kiziwi anayekutana na mashine isiyoijua alama yake hana mlango wa pili katika ofisi au hospitali iliyoiweka mashine hiyo mahali pa mkalimani. Mashine hurudisha jibu lenye kosa, au haijibu kabisa, na kosa huonekana kuwa la mkono wake.

Tena, suala la wingi wa data limeshapata jibu la kiasi katika historia iliyoelezwa. Mfumo wa uWave ulihitaji mfano mmoja tu wa kila ishara ya mtumiaji ili kuanza kazi. Kwa hiyo si lazima kuchagua kati ya kamusi moja kubwa na kutokuwa na kitu. Inawezekana kujenga msingi wa pamoja wa LAT, kisha kila eneo likaongeza mifano yake, na kila alama ikahifadhiwa pamoja na taarifa za mahali ilipokusanywa na umri wa mtoaji. Kazi hiyo inahitaji viziwi wenyewe kuwa watoaji na wahakiki wa mifano, si wajaribiwa wa mwisho. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ambacho kina mafunzo ya kompyuta na ambacho kimepokea urithi wa Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, kina taaluma zote mbili chini ya paa moja.

8.0 Hitimisho

Historia hii imeonyesha kwamba kila kizazi cha vifaa kiliondoa kikwazo cha kimwili na kuacha cha kitamaduni. Glavu zilisoma vidole bila uso, rimoti ikasoma mwendo bila vidole, na kamera ya simu inasoma vyote viwili bila kujua maana yake. Uamuzi kuhusu maana ulibaki kwa aliyeandika orodha ya ishara na aliyechagua cha kuchujwa. Kwa hiyo mtafiti anayeandaa programu ya kutambua ishara anapaswa kutaja wazi, pamoja na kiwango cha usahihi, ni mikono ya nani iliyotoa mifano na ni ishara zipi zilizoachwa. Usahihi wa asilimia tisini na kitu usiotaja hayo haujasema chochote kuhusu mtumiaji wa Unguja.

Katika nyumba alimokulia Salme, lugha zisizoruhusiwa hazikufa, kwa sababu mwenye nyumba aligeuza mgongo. Mashine haigeuzi mgongo. Alama isiyowekwa katika data leo haitakuwa na mahali pa kusemewa kesho katika huduma zitakazoitegemea mashine hiyo, na kwa sababu hiyo ukusanyaji wa alama za Unguja unapaswa kutangulia uundaji wa kifaa, badala ya kuufuata.